Sampu, kanista, sanduku la juu au sponji: kichujio kipi kwa tangi la lita 500 nyumbani?

Anayetaka kujenga kichujio cha tangi kubwa la samaki namuuliza kwanza hivi: umeme ukikatika kwenu, hukaa saa ngapi ndipo urudi? Bajeti tutaijadili, na samaki tutawajadili. Lakini kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa au Nairobi, tangi kubwa linaangamia kwa kichujio kizuri kabisa kilichozimika usiku watu wamelala. Tarehe 25 Agosti 2023 sehemu kubwa ya Kenya ilikosa umeme kwa mkupuo mmoja, na kwingine giza likaenda hadi kesho yake. Mfumo wa kuchuja maji uchaguliwe ukifikiria usiku kama ule, kisha ndio uangaliwe mengine.

Kipimo changu hapa ni tangi la sentimita 150 kwa 60 kwa 60. Likijaa hadi ukingoni linabeba lita 540. Vioo vya milimita 12 peke yake vinakaribia kilo 100, maji ni zaidi ya nusu tani, ongeza mawe, utajikuta na kilo 700 hivi zimesimama sebuleni. Ndani nawafikiria samaki wa Ziwa Tanganyika, yaani frontosa au tropheus, kwa kuwa ndio wanaotamaniwa na wengi na ndio wasiovumilia uzembe. Mwenye mbuna wa Ziwa Nyasa mahitaji yake ni karibu yaleyale.

Kutovumilia kwao kuna sababu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH, yaani kipimo cha uasidi na ualikali wa maji, ya 8.6 hadi zaidi ya 9, na amonia inayotoka kwa samaki na kwenye chakula kilichobaki huzidi ukali pH inapopanda. Kwenye nyuzijoto 25, maji yenye pH 7 yanakuwa na chini ya asilimia 1 tu ya amonia yake katika umbo lenye sumu. Ikifika pH 8 inakuwa kama asilimia 5. Ikifika pH 9 ni asilimia 36. Uchafu uleule ambao samaki wa maji laini, yaani yenye madini machache, wangeustahimili siku mbili, frontosa unaweza kumuua kabla hujarudi kazini.

Amonia hiyo inaondolewa na bakteria wanaoishi juu ya mawe, sponji na vioo. Kundi moja linaigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na jingine linaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wanaistahimili ikiwa si nyingi. Wote wanahitaji oksijeni bila kukatizwa. Na maji ya moto hayashiki oksijeni nyingi: kwenye nyuzi 30, joto la kawaida la Dar mwezi wa Februari, lita moja inabeba kama miligramu 7.5 tu. Kwa hiyo kila mfumo hapa chini naupima kwa jambo moja kabla ya mengine: pampu ikisimama, bakteria wake wanapumua vipi?

Kanista

Kanista ndiyo inayouzwa zaidi madukani, na ukiitazama utaelewa kwa nini. Ni chombo cha plastiki kilichofungwa kwa klipu, kinajificha ndani ya kabati, bomba moja linavuta maji na jingine linarudisha. Hakuna kutoboa kioo, hakuna kelele ya maji, maji hayapotei kwa kuvukizwa, na mgeni haoni kitu zaidi ya samaki. Anayeishi ghorofani, na jirani chini yake, anaipenda kwa kuwa imefungwa: isipovuja kwenye mpira wa mfuniko, haimwagi.

Ila usiuamini mtiririko ulioandikwa kwenye boksi. Unapimwa kanista ikiwa tupu. Ukiijaza mawe na sponji, na uchafu wa wiki tatu ukaingia, mtiririko unashuka sana. Kwa lita 540 nataka maji yazunguke mara nne hadi tano kwa saa, yaani lita 2,200 hadi 2,700, na kanista moja ni nadra kufika huko ikiwa imejaa. Utahitaji mbili. Hata hizo mbili, nafasi ya kuweka mawe ya bakteria ni lita 20 hivi kwa jumla, kidogo mno ukilinganisha na sampu.

Sasa turudi kwenye swali letu. Umeme ukikatika, maji yaliyomo ndani ya kanista hayana pa kupata hewa. Bakteria na uchafu vinaendelea kuila oksijeni ile ndogo iliyobaki, na muda si mrefu inakwisha. Baada ya saa kadhaa bakteria wanaanza kufa na maji yanaanza kunuka mayai viza. Mpaka hapo samaki bado wazima. Hatari kubwa inakuja umeme unaporudi saa nane usiku: pampu inajiwasha yenyewe, hakuna aliye macho, na uvundo wote ule unasukumwa tangini. Asubuhi watu wanasema umeme umeua samaki, kumbe samaki wamekufa umeme uliporudi.

Mwenye inveta inayoaminika, au sola yenye betri, kanista mbili zitamfaa kabisa. Asiye nazo aifunge kanista kwenye swichi ambayo haijiwashi, na umeme ukikatika zaidi ya saa tatu au nne aifungue, amwage maji yake chooni, asuuze sponji kwa maji ya tangi, ndipo awashe. Ni kazi, na siku umeme utakapokatika ukiwa safarini hakuna wa kuifanya.

Sampu

Sampu ni tangi la pili linalokaa chini, kabatini, ambalo maji ya tangi kubwa yanashukia kwa uzito wake, yanapita kwenye sponji na mawe, kisha pampu inayarudisha juu. Kama bado hujalipa tangi, soma sehemu hii mara mbili, maana uamuzi wa sampu unafanyika kwa fundi wa vioo kabla silikoni haijakauka. Mwambie hivi: "Fundi, kioo cha nyuma nitobolee matundu kabla hujagundisha, na kisiwe kile kilichopikwa kwa moto." Kioo kilichopikwa kwa moto hakitoboleki, ukikigusa na drili kinasambaratika chote.

Matundu ni mawili ya kushusha, yanayopokea bomba la PVC la inchi moja na nusu kila moja, na la tatu la inchi moja la kurudisha ukitaka. Bomba la kwanza la kushusha linafanya kazi kila siku. La pili mdomo wake unakaa juu kidogo, mkavu, likisubiri siku konokono au jani litakapoziba la kwanza. Wapo wanaotaka kukwepa kutoboa kwa kuninginiza sanduku la kufyonza maji ukingoni. Siwashauri. Viputo vya hewa hujikusanya kwenye mkunjo wake, ufyonzaji unakatika, na pampu ya chini haina habari: inaendelea kupandisha maji mpaka yamwagike sebuleni.

Kinachowatisha watu kwenye sampu ni mafuriko umeme ukikatika, na hofu hiyo inaisha kwa hesabu ndogo. Maji yanaendelea kushuka mpaka yafike usawa wa meno ya kisanduku cha kona, kile kinachozunguka matundu na kupokea maji. Kama meno yako sentimita 3 chini ya usawa wa kawaida, kitakachoshuka ni 150 mara 60 mara 3, yaani lita 27, pamoja na kilichokuwa kwenye mabomba. Sampu ya sentimita 90 kwa 40 kwa 40 inabeba lita 144. Ukiiendesha ikiwa na maji ya kina cha sentimita 25, ndani mna lita 90, nafasi iliyobaki ni lita 54. Lita 27 zinaingia bila shida.

Mtego uko kwenye bomba la kurudisha. Mdomo wake ukizama sentimita 20 ndani ya tangi, pampu ikizimika maji yanafyonzwa kurudi chini kupitia bomba hilohilo, na sentimita 20 za tangi hili ni lita 180. Hakuna sampu ya kabatini itakayopokea hizo. Valvu ya kuzuia maji kurudi isikudanganye. Chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye mdomo wake, haifungi. Dawa ni mdomo wa bomba kukaa sentimita 2 tu chini ya uso wa maji, pamoja na kitundu cha milimita 5 kwenye bomba pale juu, kinachonyonya hewa maji yakishuka kidogo na kukata ufyonzaji. Kitundu hicho kisafishwe kila unapobadilisha maji, mwani hukiziba.

Kabla ya kuingiza samaki hata mmoja, jaza maji, washa, acha mzunguko utulie. Chukua kalamu ya maka, piga mstari kwenye kioo cha sampu pale maji yalipo. Chomoa pampu ukutani. Kaa hapo uangalie maji yakipanda kwenye sampu, taratibu, mpaka yasimame. Piga mstari wa pili. Kama mstari wa pili uko chini ya ukingo kwa sentimita 5 au zaidi, uko salama. Kama haupo, punguza maji na urudie, kisha bandika utepe mwekundu kwenye kiwango cha juu kinachoruhusiwa pampu ikiwa inafanya kazi. Kila mtu wa nyumbani aujue utepe huo, maana siku haupo dada au mtoto ataongeza maji kwa nia njema akapitiliza.

Kwenye bakteria, sampu iko wazi juu. Umeme ukikatika maji yake yanasimama lakini uso wake unagusa hewa, hivyo bakteria wanadumu muda mrefu kuliko ndani ya kanista. Ukitumbukiza jiwe la hewa lenye pampu ya betri chini ya mawe yao, watavuka usiku. Na nafasi ni kubwa: lita 30 au 40 za mawe zinaenea bila kubanana. Hita inafichwa humo, dawa na maji mapya yanamiminwa humo, samaki hawasumbuliwi.

Gharama yake haiishii kwenye vioo. Pampu ya wati 40 ikifanya kazi saa 24 inakula karibu uniti 29 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la matumizi madogo, lenye kikomo cha uniti 75, hiyo ni zaidi ya theluthi ya kikomo chake. Unapoinunua pampu, angalia mchoro wa mtiririko kulingana na urefu: ile iliyoandikwa lita 4,000 inaweza kukupa nusu tu ikipandisha maji mita moja na nusu.

Kuna jambo la maji kuvukizwa pia, ambalo Pwani huwezi kulidharau. Kwenye sampu, upungufu wote unaonekana kwenye chumba cha pampu peke yake, na pampu ikianza kuvuta hewa inaungua. Utakuwa unaongeza maji karibu kila siku. Kumbuka kinachovukizwa ni maji matupu, chumvi inabaki. Ukiongeza kila siku maji ya kisima, yale ya Dar yenye ladha ya chumvi, baada ya miezi michache tangi limekuwa kitu kingine. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri ndiyo ya kuongezea. Ya kisima uyatumie kwa kipimo siku ya kubadilisha maji.

Sanduku la juu

Mfumo huu haupewi heshima unayostahili, labda kwa kuwa hauuzwi umefungwa vizuri kwenye boksi. Masanduku mawili ya plastiki ya lita 20, yaliyotobolewa matundu chini, yanapangwa moja juu ya jingine, juu ya tangi. Pampu ndogo iliyozama tangini inapandisha maji hadi sanduku la kwanza, lenye pamba ya kuchujia. Yanadondoka kwenye la pili, lenye mawe, kisha yanarudi tangini yenyewe. Hakuna kutoboa kioo. Fundi bomba yeyote wa mtaani analimaliza mchana mmoja.

Kwa jaribio letu la umeme, linashinda yote. Pampu ikizimika maji yaliyomo yanadondokea tangini yakaisha, na mawe yanabaki yameloa, yamezungukwa na hewa. Oksijeni ya hewani ni nyingi kupita ya majini kwa mbali. Bakteria wanakaa saa nyingi bila kudhurika ilimradi mawe yasikauke, na umeme ukirudi kazi inaendelea kana kwamba hakukuwa na kitu. Mafuriko ya umeme kukatika pia hayana pa kutokea: maji yote yalitoka tangini na yanarudi tangini. Acha tu sentimita 3 au 4 za nafasi juu.

Pa kuangalia ni pamba. Ikijaa uchafu maji hayapiti, sanduku linafurika pembeni, na hapo tangi linaweza kumwagikia sakafuni kidogo kidogo hadi pampu ibaki kavu. Weka bomba la akiba kwenye sanduku la juu, mdomo wake ukiwa juu ya pamba lakini chini ya ukingo, limwage tangini. Na masanduku yasikalie ukingo wa kioo. Yakiwa na mawe na maji ni zaidi ya kilo 40. Yabebwe na fremu ya chuma au mbao iliyofungwa ukutani.

Ubaya wake ni sura na sauti. Maji yanayodondoka yanasikika sebule nzima, ingawa ukiunganisha bomba chini ya sanduku la mwisho na kuzamisha mdomo wake sentimita moja chini ya uso wa maji kelele inapungua sana. Seremala anaweza kuyafunika kwa kabati la juu. Uvukizi ni mkubwa kama wa sampu au zaidi, lakini huohuo unapoza maji nyuzi moja au mbili, na wakati wa joto kali Pwani hilo ni jambo la kushukuru.

Sponji na hewa

Sponji pekee haitoshi kwa frontosa wazima wenye sentimita 30, nalisema wazi. Inalea bakteria vizuri lakini mavi makubwa haiyavuti, yatalala mchangani. Hata hivyo sidhani kuna tangi kubwa linalopaswa kukaa bila sponji mbili ndani yake. Pampu ya hewa ya wati 8 inakula chini ya uniti 6 kwa mwezi. Na kwenye betri tofauti ni kubwa mno: betri ya gari ya N70, ukitumia nusu tu ya chaji yake ili usiiharibu, itaendesha pampu ya sampu ya wati 40 kwa saa tisa hivi, na pampu ya hewa ya wati 8 kwa zaidi ya siku moja na nusu.

Pampu ya hewa ikae juu ya usawa wa maji, ama mpira wake uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi, la sivyo umeme ukikatika maji yatapanda kwenye mpira hadi ndani ya pampu. Usikate sponji ya godoro ukadhani umeokoa pesa. Vitundu vyake ni vidogo mno, huziba upesi.

Cha kujaza ndani

Mawe mepesi ya volkano, yanayopatikana kwa urahisi Arusha, Moshi na Bonde la Ufa upande wa Kenya, yanafanya kazi nzuri sana kwa bei isiyolingana na yale ya kauri ya madukani. Yavunje yawe ya ukubwa wa ndimu, yaoshe mpaka maji yawe meupe. Vifuniko vya chupa za maji, vikitobolewa, vinafaa kwenye sanduku la juu ambako maji yanadondoka. Dodoki liache bafuni, litaoza. Makombe yaliyovunjwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya chakula cha kuku, ukiyaweka kilo mbili tatu kwenye mfuko wa wavu yanasaidia pH isishuke sana. Mwenye samaki wa maji laini asiyatumie.

Vyovyote utakavyojaza, visuuzwe kwa maji yaliyotolewa tangini, kamwe si ya bombani, kwa kuwa klorini ya bombani inawaua bakteria uliowasubiri. Kichujio kipya kinahitaji wiki nne hadi sita kabla ya kubeba samaki wengi. Ukipata kipande cha sponji chafu kutoka tangi la rafiki lenye afya, muda huo unafupika sana. Nitrati haiondolewi na chochote kati ya hivi vinne. Robo ya maji, lita 135 kwa tangi hili, inabadilishwa kila wiki.

Nyumba ipi, kichujio kipi

Kwa anayejenga tangi upya kwenye nyumba ya chini, akiwa na nafasi ya kabati, nachagua sampu bila kusita, na sponji mbili tangini zikiwa kwenye betri. Anayeishi ghorofani kwenye nyumba ya kupanga, mwenye inveta, achukue kanista mbili na sponji. Mwenye nyumba hatapenda kusikia habari za lita 27. Na ambaye tangi tayari liko sebuleni, kioo hakitoboleki, umeme wa mtaa wake hautabiriki na pesa imeishia kwenye samaki, ajenge sanduku la juu. Kwa usalama wa samaki wake hatakuwa nyuma ya mwenye sampu hata kidogo.

Mwenye kanista tayari asiitupe. Aiunganishe pamoja na sanduku jipya kwa wiki sita, bakteria wahamie, kisha aiache ifanye kazi ya kunasa uchafu tu, ikiwa na sponji na pamba bila mawe, na aifungue kila wiki. Ikiwa haina uchafu mwingi wala mawe ya bakteria, umeme ukirudi usiku haitakuwa na uvundo mkubwa wa kumwaga tangini.